Kidonda Kilipona, Tumbo Likaanza

"Mama, kabla tumbo halijaanza, ulikuwa unakunywa dawa gani?"

Swali hilo mama yangu aliulizwa siku ya tisa ya kuharisha, saa nne usiku, akiwa kwenye kitanda cha dirishani katika wodi ya wanawake hapa Kigoma. Aliyeuliza ni daktari binti ambaye kwa umri angeweza kuwa mwanafunzi wangu. Siku nane zote kabla yake tuliulizwa mengine: maji mnateka wapi, mnachemsha, amekula nini, nyumbani kuna mwingine anayeharisha? Sikuyalaumu maswali hayo na siyalaumu leo. Sisi ni watu wa ziwani. Mtu mzima akianza kwenda chooni mara kumi kwa siku katika mji huu, kila mmoja anataja kipindupindu moyoni, hata kama mdomo unasema "ni tumbo tu". Mwaka 2015, wakimbizi kutoka Burundi walipojaa Kagunga, kwenye ule ufukwe mwembamba kati ya mlima na maji, kipindupindu kiliwakamata, na meli ya MV Liemba ikawa inawasomba kuwaleta mjini. Ndoo ya koki na harufu ya klorini mlangoni tunavijua kama tunavyojua harufu ya dagaa.

Lakini kipimo cha kipindupindu kilishatoka safi. Maji nyumbani yanachemshwa, na katika watu saba wa nyumba ile aliyeumwa alikuwa mama peke yake.

Mama hakumjibu daktari. Alinigeukia mimi akasema, "Mwanangu, kesho niletee kile kikopo changu."

Ni kopo la maziwa ya unga ambamo huweka dawa zinazobaki, kwa sababu dawa ni pesa na pesa haitupwi. Asubuhi nilikwenda Ujiji kwa bodaboda nikalileta. Daktari alilimwaga juu ya shuka, akaanza kuzipanga zile pakti moja moja, huku akimuuliza mama kila moja aliianza lini. Mwanzo zilikuwa zile kapsuli za rangi mbili: alinunua kumi, akanywa sita. Zikafuata amoksilini zilizochanganywa na klavulani, siku tano. Halafu sipro, nayo dawa ya kuua bakteria, ambayo pakti yake ilikuwa na vidonge vinne vilivyobaki. Katikati kulikuwa na omeprazoli, maana hizo nyingine zilikuwa zinamchoma kifuani. Daktari alipomaliza, zilikuwa zimejipanga mstari mmoja kuanzia kwenye mto mpaka magotini kwa mama. Wiki tatu na ushei. Zote kwa ajili ya kidonda: bati la kibanda pale mwaloni Kibirizi, anakoanika dagaa, lilimkata juu ya kisigino, mguu ukavimba.

Kidonda kilipona. Siku nne baadaye tumbo likaanza.

"Nashuku dawa ndizo zilizomfungulia mlango," daktari aliniambia nje, kwenye kibaraza. Akaandika maneno mawili nyuma ya karatasi ya kipimo cha damu, akanipa. *Clostridium difficile.*

Nimefundisha baiolojia sekondari miaka kumi na minne. Nimechora bakteria ubaoni mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Jina lile sikuwahi kulisikia. Usiku ule, na usiku nyingi zilizofuata, nilikaa kwenye kigoda kando ya kitanda cha mama nikisoma kwenye simu, nikiinuka kila anapotaka beseni. Mengi ya humu nimeyasoma kwenye kigoda kile.

Nitamwita difisile tu, ili tusichoshane.

Jina lake ni la Kilatini, maana yake "mgumu". Mwaka 1935 huko Marekani, Ivan Hall na Elizabeth O'Toole walikuwa wanachunguza bakteria katika kinyesi cha watoto wachanga wenye afya njema. Wakakutana na mmoja anayekua polepole na asiyevumilia hewa hata kidogo, akawasumbua mno kumtenga na wenzake, ndiyo wakampa jina la usumbufu wake. Waliona pia kwamba anatengeneza sumu kali kwa wanyama wa maabara. Halafu akasahauliwa kwa karibu miaka arobaini, na kusahauliwa kwake naona kunaeleweka: mdudu anayekaa tumboni mwa kichanga anayenyonya na kucheka, nani atamshuku kwamba anaua watu wazima? Mpaka leo watoto wa chini ya mwaka mmoja humbeba bila kuumwa.

Aliyemrudisha barazani ni dawa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 klindamaisini ilikuwa antibaiotiki (dawa ya kuua bakteria) mpya iliyopendwa, na wagonjwa walioinywa wakaanza kuharisha vibaya. Mwaka 1974 Francis Tedesco na wenzake huko St. Louis walichapisha hesabu yao: kati ya wagonjwa 200 waliopewa klindamaisini, 41 waliharisha, na 20 walipoangaliwa kwa kifaa cha kuingiza tumboni walikutwa na mabaka ya utando wa rangi ya maziwa yaliyoganda, umejishika kwenye ukuta wa utumbo mpana. Mtu mmoja kati ya kumi. Wengi walidhani dawa yenyewe ndiyo inayounguza utumbo.

Jinsi walivyogundua kwamba si hivyo, hiyo ndiyo sehemu niliyoisoma mara tatu, na sasa naifundisha kidato cha nne hata kama haimo kwenye silabasi.

John Bartlett na wenzake huko Boston waliwageukia hamsta, wanyama wadogo wa jamii ya panya. Hamsta akipewa klindamaisini hufa ndani ya siku chache, utumbo umevia damu. Wakawapa hamsta wengine klindamaisini pamoja na antibaiotiki nyingine, vankomaisini. Hao hawakufa, maadamu wanaendelea kupata vankomaisini. Simama hapo kidogo. Kama klindamaisini ndiyo inayochoma utumbo, kuongeza dawa ya kuua bakteria kungemsaidiaje mnyama? Lazima kuna bakteria anayefanya kazi, ambaye klindamaisini imemwacha na vankomaisini inamuua. Wakachukua majimaji ya tumboni mwa hamsta aliyekufa, wakayachuja mpaka asibaki bakteria hata mmoja, wakawapa hamsta wazima. Nao wakaugua. Kwa hiyo bakteria huyo anaua kwa sumu anayoiacha.

Sumu ya nani? Walijaribu kinga zilizotengenezwa dhidi ya sumu za bakteria wa ukoo wa Clostridium, na kinga dhidi ya mmoja anayeitwa *Clostridium sordellii* ikaizuia. Kwa muda wakaamini wamempata. Tatizo ni kwamba kila walipomtafuta sordellii katika kinyesi cha wagonjwa, hakuwepo. Aliyekuwepo ni yule mgumu wa 1935. Sumu za hao wawili zinafanana kiasi kwamba kinga ya mmoja inamshika na mwenzake. Mwaka 1978 jambo likathibitishwa kwa binadamu. Mwaka 2016 wanasayansi walimbadilisha ukoo wakamwita *Clostridioides difficile*, lakini tabia yake ni ileile.

Sasa, mama yangu si mtu wa kuelezwa habari za hamsta. Aliniuliza swali moja tu: "Huyo mdudu alitoka wapi, na mimi maji yangu nachemsha?"

Nilimjibu kwa kitu anachokijua. Nilimwambia, mama, chukulia Kibirizi saa kumi na mbili asubuhi, mitumbwi inapoingia na dagaa wa usiku. Pale mwaloni pana nafasi ya mgeni kuweka hata sinia? Hakuna. Kila futi ina mwenyewe, kila kichanja kina mwenyewe, mgeni atasukumwa mpaka arudi barabarani. Tumbo la mtu mzima mwenye afya liko hivyo. Limejaa bakteria wa kila aina, kila mmoja na sehemu yake na chakula chake. Difisile anaweza kupita kila siku asipate pa kukaa. Dawa ya kuua bakteria haina macho. Imetumwa mguuni, lakini inapita tumboni na kuwafukuza wenye vichanja. Ikipita mara tatu mfululizo, mwalo unabaki mtupu. Hapo mgeni anaweka sinia, kisha anajenga kibanda.

Mama akatikisa kichwa. "Na omeprazoli?" Nikamwambia nayo inashukiwa, maana wengi wanaougua hukutwa wakiitumia.

Kinachofanya difisile aweze kungoja ni mbegu zake, ambazo wataalamu huziita spora. Mambo yakiwa mabaya, hewa ikizidi, chakula kikiisha, anajifunga ndani ya ganda gumu na kulala. Akilala hivyo anaweza kukaa miezi kwenye sakafu, kwenye kitasa, kwenye chuma cha kitanda. Antibaiotiki haimgusi. Spiriti haimgusi. Kwa hilo la spiriti niliogopa kweli, kwa sababu tangu Korona sanitaiza imekuwa imani yetu wote. Mwuguzi anapaka, mimi napaka, tunaona tumemaliza. Daktari wetu alikuwa akitoka kwa mama anakwenda moja kwa moja kwenye bomba na sabuni ya kipande, anasugua mpaka viwiko. Sabuni haiui spora, ila maji yanayotiririka yanaziondoa mkononi. Choo na sakafu alituagiza tupige jiki. Alimwomba pia mwuguzi wa zamu amhamishie mama kwenye chumba kidogo mwishoni mwa wodi, chenye choo chake, ili wengine wasiambukizwe.

Spora zikimezwa zinafika salama kwenye utumbo mwembamba, na huko ndiko kuna kitu ambacho kwangu ndicho kizuri kuliko vyote nilivyosoma. Kinachoziamsha ni nyongo. Mwaka 2008 Joseph Sorg na Abraham Sonenshein walionyesha kwamba chumvi za nyongo, ile inayotoka kwenye ini tukila mafuta, pamoja na kijenzi kidogo cha protini kinachoitwa glisini, ndizo zinazoipa spora ishara ya kuamka. Tumbo zima linajilinda vipi basi, wakati kila mtu ana nyongo? Kwa bakteria wenyeji. Wao huichukua nyongo ile na kuigeuza kuwa ya namna nyingine, na hiyo iliyogeuzwa inamzuia difisile asikue. Ukiwaua wanaoigeuza, unabaki na nyongo inayoamsha bila ile inayozuia. Nilipoisoma sentensi hiyo niliukumbuka ule mstari wa vidonge aliopanga daktari juu ya shuka, nikaelewa kilichotokea tumboni mwa mama kwa mpangilio, pakti baada ya pakti.

Akishaamka anatoa sumu mbili, A na B. Zinaingia ndani ya seli za ukuta wa utumbo na kubandika kipande cha sukari kwenye protini ndogo zinazoongoza umbo la seli. Seli inasinyaa na kulegea, viungo kati yake na jirani zake vinaachia, maji yanavuja kuingia tumboni, askari wa damu wanakimbilia pale, na mabaki ya vita hiyo ndiyo ule utando wa Tedesco. Ndiyo maana dawa ya kufunga tumbo ni hatari hapa. Siku ya pili ya kuharisha muuzaji wa duka moja la dawa alimpa mama dawa hiyo, kwa nia njema kabisa. Kuharisha kulisimama siku moja. Siku iliyofuata tumbo lilijaa likawa gumu kama ngoma na homa ikapanda. Sumu ilikuwa imefungiwa ndani.

Karatasi ya maabara yenye jina la difisile sina, kwa sababu kipimo cha sumu yake hakikuwepo. Daktari alitibu kwa kushuku, kwa historia ile ya kikopo, kwa chembe nyeupe za damu zilizopanda, kwa kipindupindu na minyoo kutoonekana. Kwanza alisimamisha kila antibaiotiki. Akampa moja tu inayomlenga difisile mwenyewe, metronidazoli ya kunywa, siku kumi, na maji ya mshipani. Siku ya nne mama aliomba uji. Siku ya nane tulirudi Ujiji, na majirani walikuja kumpa pole mpaka usiku.

Siku ya kumi na mbili tukiwa nyumbani, alfajiri, nikasikia mlango wa choo.

Nilishasoma kwamba hurudi. Kwa kiasi cha mtu mmoja kati ya watano hurudi baada ya matibabu ya kwanza, na akirudi mara moja uwezekano wa kurudi tena unaongezeka. Metronidazoli haiui spora. Dawa ikiisha, zile zilizolala zinaamka na kukuta mwalo bado mtupu, maana wenyeji hawajarudi. Huko Marekani tangu 2018 mwongozo wa wataalamu umeiondoa metronidazoli kwenye nafasi ya kwanza kwa watu wazima, wanatanguliza vankomaisini au fidaksomaisini. Kusoma ni jambo moja. Kuusikia ule mlango ni jambo jingine.

Vankomaisini ya vidonge hatukuipata mjini. Daktari akasema itatosha ya sindano, ila mama ataimeza. Nilidhani nimesikia vibaya. Akanieleza kwamba molekuli yake ni kubwa, haipenyi ukuta wa utumbo. Ukiichoma mshipani inazunguka kwenye damu na haifiki tumboni kwa kiasi cha maana. Ukiimeza inabaki humohumo tumboni, na ndiko tunakoitaka. Hesabu yake ilikuwa hivi: miligramu 125 mara nne kwa siku ni 500, na kichupa kimoja kina 500. Kichupa kimoja, siku moja. Vichupa kumi, siku kumi.

Vilikuja kwa basi kutoka Mwanza, ndani ya boksi la viatu, vimezungushiwa magazeti. Kila asubuhi nilitia mililita kumi za maji safi kwa bomba la sindano, nikatikisa mpaka ule unga mweupe unapotea kabisa na maji kubaki angavu. Kisha navuta mililita mbili na nusu, natia kwenye kikombe cha chai chenye juisi ya embe, kwa sababu uchungu wake unashika ulimi mpaka saa ijayo. Kilichobaki lazima kikae kwenye baridi, na sisi friji hatuna. Jirani yetu anayeuza barafu za ubuyu alinipa kona ya friji lake, chini, mbali na za watoto. Nilifunga kichupa ndani ya kopo lenye mfuniko nikaliandika DAWA kwa wino mwekundu. Mara tatu kwa siku nilipiga hodi kwake, saa sita, saa kumi na mbili, na saa sita usiku. Ile ya usiku wa manane aliacha mlango wa uani bila komeo kwa siku zote kumi, ili nisimwamshe. Mungu amlipe.

Usiku mmoja kati ya hizo mama aliniuliza, "Na hii ikishindwa?"

Nilinyamaza kidogo, kwa sababu jibu nilikuwa nalo na nilijua atakavyolipokea. Ikishindwa, kuna matibabu ya kumpa mgonjwa kinyesi cha mtu mwenye afya. Mama alinitazama kwa muda mrefu kisha akasema, "Astaghfirullah."

Lakini nilimweleza, na nakueleza na wewe, kwa sababu kinyaa hakiondoi ukweli. Kama ugonjwa ni mwalo mtupu, tiba ni kuwarudisha wenyeji. Mwaka 1958 huko Denver, Ben Eiseman na wenzake walieleza wagonjwa wanne wa utando ule waliowapa kinyesi kwa njia ya enema, na wote wakapona, wakati hata kisababishi hakijajulikana. Jaribio lililowanyamazisha wengi lilifanyika Amsterdam na kuchapishwa 2013 na Els van Nood na wenzake. Wagonjwa wote walikuwa wa kurudiwarudiwa. Kati ya 16 waliowekewa kinyesi kilichochujwa, kwa mrija wa puani mpaka kwenye utumbo mwembamba, 13 walipona kwa mara ya kwanza tu, na wawili zaidi kwa mara ya pili. Waliopewa vankomaisini peke yake walipona 4 kati ya 13. Jaribio lilisimamishwa kabla ya muda uliopangwa, kwa sababu tofauti ilikuwa kubwa mno kuendelea kuwanyima wengine. Tangu hapo imekuwa dawa rasmi: Marekani iliidhinisha ya kwanza Novemba 2022, na mwaka 2023 ikaidhinisha ya kapsuli za kumeza, spora za bakteria wema zilizosafishwa kutoka kwenye kinyesi cha wachangiaji.

Si jambo la kujaribu nyumbani, tafadhali. Mwaka 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo baada ya wagonjwa wawili wenye kinga dhaifu kupata bakteria sugu kutoka kwa mchangiaji mmoja, na mmoja wao akafariki. Kinyesi lazima kipimwe kama damu inavyopimwa.

Kilichomlainisha mama ni Gombe, ile hifadhi ya sokwe. Boti za kwenda Gombe zinaondokea palepale Kibirizi, mbele ya vichanja vyake, na miaka yote ameona wageni na watafiti wakipanda na kushuka na maboksi. Nikamwambia katika maboksi hayo yamo mavi ya sokwe. Kwa miaka mingi wamekuwa wakiyaokota chini ya miti, ya sokwe wa jamii ya Kasekela wanaowajua mmoja mmoja kwa sura na kwa ukoo. Utafiti uliochapishwa 2016 na Andrew Moeller na wenzake uligundua kwamba sokwe wanaposhinda pamoja zaidi, hasa majira ya mvua, matumbo yao yanakuwa na aina nyingi zaidi za bakteria. Wanapeana kwa kukaa pamoja, kizazi kwa kizazi. "Kwa hiyo na sisi tunapeana?" mama akauliza. Tunapeana, mama. Akacheka, kwa mara ya kwanza katika wiki tano.

Ninachotaka kusema na wewe unayesoma ni kuhusu lile swali la daktari. Lilichukua sekunde tano kuuliza na halikuhitaji mashine. Hatukuulizwa siku nane, na mimi mwenyewe, mwalimu wa baiolojia, sikujiuliza. Kwetu dawa ni kitu kinachoondoa ugonjwa. Haituingii akilini kwamba inaweza kuuleta. Kwa hiyo mtu akiharisha baada ya sipro, tunamwongezea sipro.

Wengine husema huu ni ugonjwa wa hospitali za Ulaya na Marekani. Kweli huko ndiko wanakouhesabu: Marekani mwaka 2011 walikadiria wagonjwa 453,000 hivi, na karibu 29,000 walifariki ndani ya siku thelathini tangu wapimwe. Lakini Mwanza, huko kilikotoka kile kiboksi cha viatu, watafiti walichapisha mwaka 2015 utafiti wa sampuli 141 za kinyesi cha watu wazima na watoto. Difisile aliota katika 9. Walioathirika zaidi walikuwa na mambo manne: VVU, kulazwa muda mrefu, kutumia antibaiotiki, na kuharisha maji. Watu wa aina hiyo wamo katika kila wodi ya mkoa huu. Anayemtafuta anampata.

Tena ana ndugu yake mkali. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Quebec, Kanada, ilikumbwa na aina inayoitwa 027, inayotoa sumu nyingi na ambayo ukoo mzima wa sipro haumuui. Unapomeza sipro unawafagilia hao njia. Uingereza nayo ilipigwa, na kuanzia mwaka 2006 hivi wagonjwa wakapungua kwa karibu asilimia 80. Watafiti wa Oxford walipochunguza vinasaba, mwaka 2017, waliona kwamba waliotoweka ni wale sugu kwa sipro na ndugu zake. Wale wasio sugu, ambao nao huambukizana wodini, hawakupungua kwa namna hiyo. Kama usafi peke yake ndio uliofanya kazi, wangepungua wote. Kilichobadilika ni kwamba madaktari waliacha kuziandika hovyo. Hakikuhitajika kifaa cha mabilioni. Zilihitajika kalamu zilizositasita.

Hapa kwetu kalamu haipo kabisa mara nyingi. Kuna kaunta, na shilingi mia tano, na "nipe sita nikipata nafuu nitaacha". Siwachukii wauzaji wa dawa. Wengi ni majirani, na usiku wa manane mtoto akichomwa na homa wao ndio walio wazi. Na ipo siku antibaiotiki ndiyo itakayokuokoa. Nimonia haisubiri falsafa. Lakini mguu wa mama ulihitaji kusafishwa na kuangaliwa, pengine dawa moja sahihi kwa siku zake kamili. Ulipewa tatu, kila moja nusunusu.

Kichupa cha kumi kiliisha siku ya Jumapili. Tulihesabu siku kumi na mbili, kisha ishirini, kisha tukaacha kuhesabu. Mwezi wa tatu alirudi Kibirizi.

Mwaka huu wakati wa masika jino la nyuma lilimwanza. Alikwenda kwenye duka la dawa, na kabla hajamaliza kueleza akawekewa kwenye kaunta pakti mbili, moja ya amoksilini na moja ya metronidazoli. Alizirudisha kwa kidole, moja baada ya nyingine, akaomba panadoli peke yake. Asubuhi yake alipanda daladala mwenyewe mpaka hospitali, akakaa kwenye foleni, akamweleza daktari wa meno habari ya tumbo lake kabla hajafungua mdomo. Jino liling'olewa. Alipewa pamba ya kuuma na dawa ya maumivu, akaambiwa asukutue kwa maji ya chumvi kuanzia kesho. Nilimkuta jioni amekaa mlangoni kwa jirani wa barafu za ubuyu, shavu limevimba kidogo, anakunywa uji uliopoa.